Kichaa cha Kuigiza

"Na mgonjwa mwenyewe yuko wapi?" aliuliza mwongozaji Dipayan, kabla hata hajamaliza kuvua viatu.

Bibhabati, mwenye nyumba, alikohoa. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya mgeni na sinia la chai mkononi, nywele kazifunga vizuri, sari ya pamba imetulia begani.

"Ndiye mimi," alisema Jayati. "Sukari iko kwenye kibakuli hicho. Biskuti zimelegea kidogo, ni unyevu wa mvua."

Dipayan alimtazama usoni, akamtazama mikononi, akarudi usoni. Alikuwa ametoka Tollygunge, mji mzima wa Kolkata akiuvuka kwenye foleni, kuja kumwona kichaa, na badala yake amepewa chai.

"Mbona unaonekana mzima?"

"Nashukuru."

"Sikumaanisha vibaya, dada."

"Wala sikuchukua vibaya. Kunywa, itapoa."

Sutapa, mke wa mwana mkubwa wa nyumba hiyo, aligeukia ukutani akajifanya anarekebisha kalenda, maana kicheko kilikuwa kimemfika kooni.

Aliyeyaleta haya yote ni Prabir, mume wa Jayati na mwana mdogo wa Bibhabati. Prabir anauza miwani Hatibagan, na muuza miwani lazima azungumze na mteja huku akimpima macho. Dipayan aliingia dukani na miwani iliyovunjika mkono, akataja kwamba anatafuta nyumba ya zamani yenye ukumbi wa sanamu, kwa ajili ya filamu ya mke anayerukwa na akili wakati wa sikukuu ya mungu mke Durga. Prabir akasema nyumba ipo, ni ya kwao, na sikukuu hufanyika humo humo kila mwaka. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hata mke yupo.

Paa la ukumbi huo lilikuwa linavuja juu ya kichwa cha simba wa sanamu la Durga, na watu wa filamu waliahidi kuliziba. Bibhabati akakubali siku hiyo hiyo.

Nimseme kidogo Bibhabati, kwa sababu huku mtaani kwetu watu humhukumu haraka. Si mkatili yule mama. Ila yote aliyoyajua kuhusu ugonjwa wa mkwewe aliyajifunza kwenye sinema. Daktari alizungumza naye mara moja, kwa haraka, huku simu inamlilia mezani. Sinema zimezungumza naye tangu usichana, tena kwa nyimbo. Zilimwambia kwamba kichaa huamshwa na ngoma, na rangi nyekundu, na umati wa watu. Sasa sikukuu ya Durga ina nini zaidi ya ngoma, rangi nyekundu na umati? Ndiyo maana tangu Jayati alipotoka hospitali, kila siku ya mwisho ya sikukuu, alikuwa anawekwa ghorofani nyuma ya mbao za dirisha, na bakuli la bisi za mchele za kutafuna, huku wenzake wakimuaga Durga chini.

Na kumuaga Durga ni haki ya kila mke mwenye mume hai. Mjane kama Bibhabati hagusi, husimama pembeni akaelekeza. Mke hupanda kigoda, humfuta Durga uso kwa majani ya tambuu, humtia kitamu cha maziwa mdomoni, humpaka sinduri, ile poda nyekundu ya wake walioolewa, kisha humnong'oneza sikioni arudi tena mwakani, kama anavyoagwa binti anayetoka kwa wazazi kurudi kwa mumewe. Mke wa mwana mkubwa huanza, wa mdogo hufuata. Wakishamaliza hupakana sinduri wao kwa wao mpaka hawajulikani. Mke ambaye mashavu yake yamebaki meupe siku hiyo, mtaa mzima humtazama na kujiuliza ana nini.

Mwaka huu mambo yangekuwa mengine. Jayati alikuwa mzima muda mrefu, daktari amesema hana sababu ya kufichwa, na Bibhabati mwenyewe alikuwa ametamka jikoni, mbele ya Sutapa, kwamba mwaka huu watamuaga Durga wote wawili. Jayati aliendelea kumenya viazi, lakini aliendelea kumenya hata viazi vilipokwisha, mpaka Sutapa akamnyang'anya kisu na kumwambia asiwamalizie maganda.

*

Mwigizaji Rupsha alikuja wiki iliyofuata, kujifunza.

Alikuwa mzuri, hilo Jayati alilikubali haraka ili ateseke mara moja tu. Alikuwa na shingo ndefu na sauti ya chini, na kwa bahati mbaya zaidi alikuwa na adabu. Aligusa miguu ya Bibhabati akamwita Mama. Aliingia jikoni akamwomba Sutapa amfundishe kukanda unga wa luchi, vile vimkate vya kukaanga, akaukanda vibaya, na Sutapa, ambaye hajawahi kumsamehe mtu unga mbaya, akasema ni sawa tu, mwanangu, mikono yako si ya kazi hii. Sutapa kumwita mtu mwanangu! Jayati amekaa na Sutapa tangu alipoolewa na jina alilopewa ni "wewe".

"Niambie ilikuwaje," Rupsha alimwomba Jayati, wamekaa sakafuni chumbani, mwongozaji kwenye kiti na daftari. "Kila kitu. Usinionee haya."

Jayati alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Daktari aliuliza anakula, analala?

"Nilikuwa naosha mchele," alisema. "Naosha, naona bado haujatakata, namwaga maji, naosha tena. Mpaka punje zinakatika. Kwenye bomba la maji nilikuwa nasikia watu wanazungumza habari zangu. Hawakupiga kelele. Walizungumza kama majirani wanavyozungumza, polepole, na walikuwa wanajua mambo. Kwa hiyo nikawa nafungulia bomba niwasikie, na kwa kuwa nimefungulia, naosha mchele."

Rupsha alikuwa anamtazama bila kupepesa. Dipayan aliacha kuandika.

"Ulicheka?" aliuliza.

"Nicheke nini?"

"Yaani kile kicheko. Ulivunja vitu? Ulimrukia mtu?"

"Nilichoka sana. Nililala. Sikuoga. Shemeji yangu hapo mlangoni anaweza kuwaambia, ndiye aliyekuwa ananiosha nywele."

Sutapa, ambaye kweli alikuwa mlangoni, alisema, "Chawa niliwatoa mimi. Lakini hiyo hawataiweka kwenye filamu."

"Mchele hauonekani, dada," Dipayan alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Mtazamaji amekaa mbali, gizani. Lazima aone kitu. Mwanamke anaosha mchele, atajua vipi kwamba ni kichaa? Atasema huyu mke ni msafi."

Baadaye, chumba kilipokuwa kitupu, Jayati alibaki na aibu ambayo hakuweza kuitaja. Alikuwa ametoa kitu chake cha siri na kimeonekana hakifai.

Lakini hilo halikumchoma kama la jioni yake. Alikuwa kwenye stoo ya chakula anapima dengu, na dirisha la stoo hufungukia barazani. Barazani walikuwa Prabir na Rupsha. Prabir alikuwa ameleta chai mwenyewe. Mwanaume ambaye nyumbani kwake huuliza maji ya kunywa yako wapi, kumbe buli analijua.

"Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani," Prabir alikuwa anasema. "Nashuka kwenye tramu kituo kimoja kabla, ili nichelewe. Nikimwona amelala namtazama, nasema, Jayati, rudi. Nilimkosa sana. Yuko hapo mbele yangu, lakini nimemkosa. Sijawahi kumwambia mtu."

"Hata yeye hujamwambia?"

"Nitamwambiaje?"

Rupsha alimshika mkono kidogo, kama anavyomshika mtu yeyote, na Prabir akatoa leso akafuta macho.

Jayati aliusikia wivu ukimpanda, moto na wa kawaida kabisa. Maneno hayo yalikuwa yake. Kama kuna mtu katika Kolkata nzima aliyestahili kuambiwa kwamba alikosekana, ni yeye, aliyekosekana. Prabir ameyatunza miaka yote kama sarafu ya dhahabu, halafu ameyatoa kwa mwanamke wa kukodishwa, kwa kuwa anakunywa chai kwa madaha. Jayati alimwaga dengu zote chini, akaziokota moja moja, akazipima upya.

*

Ugomvi ulitokea juu ya sari.

Siku moja kabla ya sikukuu kuisha, Jayati alifungua kabati kuitoa sari yake ya harusi, ile nyekundu ya hariri ya Benares, aipigie pasi kwa ajili ya kumuaga Durga. Hakuiona. Alitafuta chini ya mashuka, akatafuta kwenye sanduku la nguo za baridi. Kisha akasikia vicheko kwenye ua wa chini, akatazama kupitia mbao za dirisha. Sari yake ilikuwa inapita uani, na ndani yake yumo Rupsha. Sutapa alikuwa amechutama nyuma yake anapanga mikunjo, pini mdomoni. Bibhabati alisimama mbele, amekunja mikono, anatabasamu.

"Mkwe wangu kabisa," alisema Bibhabati. "Mtu akiingia sasa hivi atasema huyu ndiye mke wa Prabir."

Prabir alipopanda ghorofani kutafuta miwani yake, Jayati alikuwa anamsubiri.

"Unasikia? Sari yangu imetokaje humu?"

"Wameiazima tu. Dipayan alitaka kitu cha kweli, sio vitambaa vya duka la filamu. Nilidhani hutajali."

"Ulidhani. Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi ulijua!"

"Jayati, usipaze sauti."

"Nitapaza. Unamletea chai. Unamwambia maneno. Unampa sari niliyoolewa nayo. Bado nini, umpe na kitanda?"

Prabir aliganda. Si kwa hasira. Jayati angeipenda hasira. Macho yake yaliingiwa na ule woga laini ambao Jayati anaujua, akasogea hatua moja na viganja vikiwa wazi, kama mtu anayekaribia ng'ombe asiyemfahamu.

"Umekunywa dawa ya asubuhi?" aliuliza.

"Nimekunywa. Naona wivu."

"Hulali vizuri siku hizi. Hizi pilikapilika za watu..."

"Nalala vizuri. Naona wivu, Prabir! Mumeo akimlilia mwanamke mwingine unaona wivu. Muulize mama yako. Muulize mwanamke yeyote tramuni."

Lakini Prabir alikwisha kumwita Bibhabati, na Bibhabati alipanda ngazi akihema, huku anafungua fundo la ncha ya sari yake anamofunga funguo na vidonge. Hicho ndicho kilichokuwa kinamtesa Jayati kuliko ugonjwa. Mke mwingine akinuna, amenuna. Akivunja kikombe, kimemponyoka. Akiona wivu, watu humcheka na kumtania mumewe. Jayati akifanya lolote kati ya hayo, huletewa kidonge na glasi ya maji. Hakuwa na ruhusa ya tabia mbaya hata moja.

Akajilazimisha kukaa kitandani. Akateremsha sauti mpaka ikawa ya mtu anayenunua nyanya.

"Mama, sina kitu. Nilikasirika tu juu ya sari."

"Najua, mwanangu, najua. Kunywa hiki, nusu tu." Bibhabati alimpapasa kichwa. "Na kesho ukae huku juu. Watakuja na mataa, na ngoma, na yule binti atafanya ile sehemu ya kushika upanga. Wewe ukiona mambo kama yale... Mwakani. Mwakani utamuaga vizuri, bila fujo."

"Mama uliahidi."

"Niliahidi kabla hujapandwa na hii hasira."

Sutapa alikuwa amefika mlangoni, pini moja bado mdomoni. Aliitoa. "Na mimi nikikasirika nitawekwa ghorofani?" aliuliza. "Maana nimechoka. Tangu asubuhi nimepika kwa ajili ya watu wa filamu, na hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Mtu akiumwa kichwa nyumba hii analetewa kamera. Mimi mgongo unanikata sijaletewa hata mafuta."

"Sutapa, huu si wakati," alisema Prabir.

"Kwangu mimi haujawahi kuwa wakati," alisema Sutapa, akashuka.

*

Siku ya kumi, ndiyo ya mwisho, asubuhi, kuhani alifanya ibada ya kioo. Alitosa kioo kidogo kwenye beseni la maji ambamo taswira ya uso wa Durga ilionekana, akasema Durga ameshaondoka, kilichobaki ni udongo na majani makavu, kwa hiyo watu wa filamu waendelee na shughuli zao. Wanawake wa nyumba hawakumbishia kuhani, lakini hakuna hata mmoja aliyemsadiki. Kwao Durga haondoki mpaka aagwe.

Mpango ulikuwa filamu ipigwe mchana, na wake wa nyumba wamuage Durga jioni, kabla sanamu halijapakiwa kwenye lori kwenda kutoswa mtoni. Mpango ulikuwa wa Dipayan, na Dipayan alikuwa mtu wa "mara moja tena tu". Taa ikaungua. Rupsha akarudia. Mpiga ngoma akatazama kamera. Rupsha akarudia. Mtaa mzima ulikuwa umejazana uani, nami nikiwemo. Wanawake walikuwa wamevaa vizuri kwa sababu wameambiwa wataonekana.

Jayati alitazama yote kupitia mbao za dirisha.

Alimwona mwanamke aliyevaa sari yake akipanda kigoda. Alimwona akimfuta Durga mashavu kwa tambuu, akimtia kitamu mdomoni, akimpaka sinduri, yeye, mgeni, kabla ya mke yeyote wa nyumba hiyo. Alimwona Sutapa pembeni na sinia lake la tambuu na mishumaa, mdomo umekazwa. Kisha ngoma zikabadilika, na Rupsha akaanza kuwa kichaa. Nywele zikafunguka. Akacheka kile kicheko. Akajimwagia sinduri usoni mpaka ikamchuruzika shingoni, akaung'oa upanga wa bati mkononi mwa Durga, akawageukia watu. Watu wakapiga ukelele, na mwigizaji wa kiume aliyekuwa mume akamkumbatia kwa nyuma akalia, "Rudi! Nimekukosa!"

Kwa hiyo hata hayo waliyaandika. Jayati alishika mbao za dirisha kwa mikono miwili. Alimtafuta Prabir kwenye umati, akamwona karibu na nguzo, analia. Hakuwa anaficha. Analia kwa mabega, kwa ajili ya mwanamke huyo mwenye upanga, ambaye hajawahi kuwepo, ambaye hakuna mtu aliyemtoa chawa. Hakuwahi kumlilia hivyo mwosha mchele. Jayati alimchukia mwanamke huyo wa filamu kwa chuki safi, akamwonea wivu kwa kila kitu: kwa kupendwa wazi, kwa kuruhusiwa kupiga kelele, kwa kuambiwa rudi.

"Kata! Vizuri sana! Mara moja tena tu!"

"Hakuna tena," alisema dereva wa lori kutoka getini. "Polisi wa mtoni wanafunga njia. Muageni sasa hivi au nawaachia Durga wenu."

Dipayan akainua mikono. Rupsha akasogezwa pembeni akapewa kiti na feni. Bibhabati akapaza sauti wake waje, na Sutapa akajifunika kichwa, akanyanyua sinia lake, akaanza kutembea kuelekea kwenye kigoda kwa heshima zote za mke mkubwa.

Lakini Jayati alikuwa ameshashuka.

Hakukimbia. Alikuwa na sari ya kawaida ya pamba, nyeupe yenye ukingo mwekundu, nywele amefunga. Sinia alilichukua jikoni: tambuu, kitamu kimoja, kikopo cha sinduri. Umati ulimwachia njia, lakini haikuwa kwa heshima. Wanawake waliwavuta watoto wao. Walikuwa wametoka kuona sasa hivi, kwa macho yao, mara nyingi mfululizo, jinsi mke kichaa anavyofanya akifika mbele ya Durga.

"Jayati," alisema Prabir, uso bado umelowa. "Jayati, mpenzi, njoo tukanywe dawa."

"Nimekunywa. Sogea."

Nilimwona Dipayan akimgusa bega mpiga picha, na kamera ikageuka taratibu. Jayati alimpita Sutapa, akapanda kigoda. Upanga wa bati ulikuwa umerudishwa mkononi mwa Durga, umelegea, sawasawa na bega lake, na watu wote ua mzima waliutazama upanga.

Jayati alichukua majani ya tambuu. Alimfuta Durga shavu la kulia, akamfuta la kushoto, akafuta na sinduri ya Rupsha iliyomwagikia kidevuni. Alifanya polepole, kama mtu mwenye haki ya kuchelewesha lori. Alimtia kitamu mdomoni. Alimpaka sinduri. Kisha akainama sikioni mwake, na hapo ndipo Sutapa alipopasuka.

"We Jayati! Shuka hapo!"

Ngoma moja iliyokuwa inagongwagongwa ikanyamaza.

"Nani kakwambia uanze wewe? Mimi nimeingia nyumba hii wewe bado unaokota maua kwenu Bardhaman! Yule mgeni katangulia nikameza, nikasema ni filamu. Sasa na wewe? Na wewe unitangulie mimi?"

"Yule kaingia kwa nafasi yangu!" Jayati aligeuka juu ya kigoda. "Kavaa sari yangu! Uliyempigia pini ni wewe!"

"Nafasi yako? Wa kwanza ni nani hapa? Kachukua nafasi yangu mimi! Halafu unakuja na kisahani chako, kimya kimya, kama paka! Huna haya! Mwenye wivu mkubwa wewe, wivu umekujaa mpaka kwenye kucha!"

"Ndiyo, ninao!"

"Naona!"

Bibhabati alikuwa ameshafungua fundo la vidonge. Prabir alikuwa amefika kwenye ngazi za ukumbi na viganja vyake wazi. Na Dipayan, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, alinong'ona, "Ndiyo imeanza? Unachukua? Endelea kuchukua."

Sutapa alimsikia.

"Imeanza nini, baba?" Alimgeukia na sinia lake, mishumaa inayumba. "Imeanza nini? Mwanamke ana wivu huyu. Hujawahi kumwona mwanamke mwenye wivu? Mumewe kalizwa na mke wa bandia mchana kutwa mbele ya mtaa mzima, ulitaka apige makofi? Mama, funga hivyo vidonge. Na wewe Prabir, ondoka kwenye ngazi, unaziba mwanga."

Mpiga ngoma mmoja alicheka. Kisha wanawake wa mtaa wakacheka, kwanza kidogo, halafu kweli, kile kicheko wanachomcheka mke yeyote aliyeshikwa na wivu hadharani, na mmoja akamwambia Prabir leo atalala barazani. Bibhabati alitazama vidonge kiganjani mwake, akamtazama mkwewe, akafunga fundo.

Dipayan alingoja kidogo, akashusha mkono. "Zima," alimwambia mpiga picha. "Hakuna kitu hapa. Ni ugomvi wa nyumbani tu."

Jayati alifurahi. Sijui nitumie neno gani jingine. Alikuwa ametukanwa mbele ya watu wote, ameitwa paka, ameitwa hana haya, na hakuna hata tusi moja lililokuwa la mgonjwa. Mashavu yalimwaka. Alitaka kumjibu Sutapa mambo mengi, aliyokuwa ameyaweka tangu siku ya kwanza alipoingia jikoni kwake, na aliona kwamba sasa anaweza kuyasema yote, moja baada ya jingine, kwa miaka mingi ijayo.

Sutapa alichovya vidole kwenye sinduri. Alinyoosha mkono juu akampaka Jayati shavuni, kwa nguvu, mpaka kichwa kikaenda upande. Halafu shavu la pili.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Hata mimi."

"Basi shuka. Lori linasubiri, na mimi sijamuaga."